Herufi Ndogo Zilivyoniponza

Msomaji, kama na wewe ni mmoja wetu tunaoota kuandika riwaya huku mfukoni hamna hata nauli ya daladala, utanielewa nikikuambia kwamba napenda ukurasa safi. Nikiona maneno yamekaa hovyo, mkono unaniwasha. Muwasho huo ndio ulionitia matatani na dada yangu.

Dada ana miaka 26. Ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne, kwa pesa ya vitumbua, na shukrani yangu hadi leo ni madaftari matatu ya riwaya isiyokwisha. Sasa anataka kwenda Ujerumani kukaa na familia na kulea watoto wao, mpango wanaouita au pair. Masharti ni mengi ila mawili ndiyo yanayomkaba: uombe viza kabla hujatimiza miaka 27, na uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1. Siku ya kuzaliwa nayo haimsubiri mtu, bwana.

Rafiki yake alimtumia orodha ya maneno kama mia sita, Kijerumani upande huu, Kiswahili upande ule, ya kuingizwa kwenye programu ya simu inayokuuliza neno leo na ukikosea inakuuliza tena kesho. Akanipa mimi niiandae, maana nilishawahi kushika kompyuta kwenye kibanda cha kuchapa barua. Nikaifungua. Loo! Kila neno limeanza kwa herufi kubwa: Haus, Schön, Laufen, Und. Nikajua ni kazi ya simu, ukianza mstari mpya inajipandishia herufi yenyewe. Nikaona ushamba mtupu. Kamusi zetu za Kiswahili huanza maneno kwa herufi ndogo, nyumba ni nyumba. Nikaweka fomula moja, safu nzima ikashuka. Programu ikalalamika kwamba kuna maneno yamejirudia, nikairuhusu ifute ya ziada. Nikalala usingizi wa mtu aliyefagia uwanja.

Wiki sita baadaye Dada akarudi na karatasi ya jaribio imejaa wino mwekundu.

"Mdogo wangu, hebu njoo hapa."

Sauti ile naijua tangu utotoni. Nikaenda.

Kumbe Kijerumani kila nomino huanza kwa herufi kubwa, hata ikiwa katikati ya sentensi. Si jina la mtu au la mji tu. Meza, mvua, njaa, zote. Mwalimu alimwambia kosa hilo peke yake halimwangushi mtu ngazi ile. Lakini yapo maneno ambayo herufi ndiyo inayobeba maana. Morgen ni asubuhi, morgen ni kesho. Zilikuwa kadi mbili, mimi nikazifanya moja, na iliyofutwa ni ya asubuhi. Swali liliposema am Morgen, Dada akajibu habari za kesho. Arm ni mkono, arm ni maskini. Weg ni njia, weg ni kitu kilichokwisha kuondoka.

Balaa zaidi lilikuwa kwenye barua ya mfano. Alitaka kuwauliza wenyeji wake kwa adabu kama wana watoto, akaandika: Haben sie kinder? Sie ya heshima ina herufi kubwa. Hiyo ndogo ni "wao". Yaani amewageukia wenye nyumba akawauliza kama watu wengine, wale pale, wana watoto. Ni sawa na kuingia kwa wakwe ukapita bila shikamoo.

"Nilikuwa nasoma usiku nikitoka kukaanga," alisema. "Kadi ikisema hivi, mimi nafuata."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Nikakaa kurekebisha. Hapo ndipo nilipoiona kasheshe: fomula ya kushusha herufi ipo, ya kupandisha zinazostahili tu haipo. Itajuaje kama essen ni chakula au ni kula? Laiti orodha ingekuwa na der, die au das mbele ya kila nomino, zingejitangaza zenyewe. Haikuwa nazo. Ikabidi nitegemee upande wa Kiswahili. Chakula: pandisha, Essen. Kula: acha, essen. Nikaanza kujisikia mjanja, nikisema ngeli zetu zinafanya kazi ile ile ya herufi kubwa. Kisha nikafika kwenye kusoma. "Nataka kusoma", hapo ni kitenzi. "Kusoma kumenichosha", hapo ni nomino, na Mjerumani ataandika Lesen kwa herufi kubwa. Letu halibadiliki sura hata kidogo, mpaka usikie lile ku- la neno linalofuata. Saa saba usiku niko macho, nabishana na neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote.

Schule ndiyo pekee iliyonichekesha. Ilitufikia enzi za ukoloni wao pamoja na Heller, sarafu yao, tukapata shule na hela. Yote mawili yalivua kofia mlangoni.

Wenyewe hawakukubaliana siku zote. Jacob Grimm, yule wa hadithi, alizipinga herufi hizo, na kamusi kubwa aliyoianza na nduguye, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka 1854, iliandika nomino kwa herufi ndogo ndani ya maelezo yake. Denmark walikuwa na desturi hiyo hiyo, wakaiacha 1948. Wajerumani walipobadilisha tahajia yao 1996 waliibakiza, tena wakaiongeza mahali: heute abend ikawa heute Abend. Nilimsomea Dada habari za Grimm nikidhani nitajitetea.

"Huyo Grimm ndiye atakayesahihisha mtihani wangu?" akaniuliza.

Nilimaliza Jumapili. Dada ameanza kadi zote upya, na mtihani ni baada ya wiki tisa. Mimi nimerudi kwenye madaftari yangu, nikakuta kila ukurasa nimeandika Mapenzi na Umaskini kwa herufi kubwa, eti zisomeke nzito. Nazishusha taratibu, moja moja, bila fomula.

Jana jioni alikuwa jikoni, mimi nimeshika simu namuuliza maneno. Akanigeuzia kibao.

"Haya, wewe. Arm?"

"Kubwa au ndogo?"

Akacheka mpaka kitumbua kikaungua.