Baridi ya Karatu, we iache tu!

Msomaji, ukiambiwa Julai kule Karatu kuna baridi, usibishe kama nilivyobisha mimi. Nilitoka Dar na kishati cha mikono mifupi. Arusha nikaona natishwa bure. Tukapita Mto wa Mbu, penye ndizi nyekundu, gari likaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likabaki chini huko. Madirisha yakafungwa moja moja bila mtu kuambiwa!

Shangazi, aliyeolewa na Mwiraqw, alicheka hadi machozi. "Mwanangu, umekuja uchi?" Akanivika koti la mumewe, tukala makande na kupiga stori hadi usiku.

Kesho yake nikapanda Ngorongoro kumwona rafiki yangu wa JKT, Mmaasai, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani siku nyingi. Kupita geti la Lodoare, ukungu mtupu. Kreta yenye kina cha mita 600 huioni hata chembe! Watalii wamenuna. Mimi nilifuata mtu, bwana.

Bomani nikamkuta mama yake na wajukuu. Jamaa alishahamia Msomera, Handeni, katika ule uhamisho ulioanza 2022. Mama kabaki.

"Anasema huko ni joto. Kweli?" akauliza, mjukuu akitafsiri.

"Kweli mama, joto sana."

Akanitazama navyotetemeka ndani ya koti la watu. Akaingia ndani, akatoka na blanketi.

"La kwake hili. Chukua."