Limelika au Limeliwa?

Wapenzi wa lugha, leo naomba tuzungumze juu ya matairi. Najua ukumbi huu ni wa vina na mizani, na huenda wapo watakaoshangaa kumwona mwalimu mstaafu akiacha mashairi na kuinamia gurudumu. Lakini ninalotaka kulisema ni la sarufi kabla ya kuwa la gereji, na nadhani linawahusu watu wa maneno zaidi kuliko watu wa spana.

Kwa miaka 34 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kila mwaka nilifika kwenye somo la kauli za vitenzi. Mfano wangu ulikuwa ni kikombe. Kikombe kimevunjwa: yupo aliyekivunja, hata kama hakutajwa. Kikombe kimevunjika: hakuna anayetafutwa. Wanafunzi walicheka, kwa sababu kila mmoja wao alikwisha kusimama mbele ya mama yake jikoni na kuichagua kauli ya kutendeka bila kufundishwa na mtu. Lugha yetu imetupa mlango wa uani wa kumtoa mtenda, nasi tunaupita tangu utotoni.

Sasa tulitazame tairi. Kutokana na kitenzi “la” tunapata “liwa” na “lika”. Jembe hulika, kisigino cha kiatu hulika, na tairi nalo, wenye magari husema, limelika. Neno hilo linatuambia kwamba muda umepita na barabara ni ndefu, basi. Lakini fundi wa matairi ninayempelekea gari langu hapa Morogoro hasemi hivyo. Huniamkia, huchuchumaa, hupitisha kiganja juu ya tairi kama mtu anayepapasa kitambaa dukani, kisha hutoa hukumu: “Mwalimu, hili limeliwa bega la ndani. Limeliwa na alaimenti.” Kijana huyu aliishia darasa la saba, lakini kauli ya kutendwa anaitumia kwa ukamilifu: kitenzi, kiambishi, na mtenda wake baada ya “na”. Yeye hawezi kulitengeneza gari kwa kauli ya kutendeka. Lazima ajue nani mlaji.

Niliketi naye asubuhi kadhaa anifundishe kusoma, na ninayoyaandika hapa nimejifunza kwake. Vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara mafundi huviita kashata, na sina haja ya kueleza kwa nini kwa yeyote aliyewahi kula kashata ya nazi. Kashata zikiisha pande zote mbili, mabegani, huku katikati pamebaki nene, tairi limeliwa na upepo pungufu: limelegea, katikati pamebonyea, na uzito wote umebebwa na mabega. Zikiisha katikati peke yake, upepo umezidi: tairi limevimba na linakanyagia kitovu. Zikiisha bega moja tu, la ndani au la nje, pembe za magurudumu zimepotoka. Ama gurudumu limeegemea upande, kama mguu wa mwenye matege, ama magurudumu mawili ya mbele hayatazami mbele sawasawa, yanaburutwa kidogo kwa upande katika kila mita ya safari. Huko kuburutwa hutambulika kwa kiganja: ukipapasa kutoka upande mmoja ni laini, ukirudi ni kama meno ya msumeno. Na ukikuta mabonde mabonde kulizunguka tairi, mtuhumiwa wa kwanza ni shokapu iliyochoka, kwani gurudumu halikanyagi tena, linarukaruka.

Tairi, basi, ni ushahidi ulioandikwa. Kila mlaji ana meno yake, na kila jino lina alama yake.

Kuhusu upepo fundi alinisisitizia mambo matatu. Kwanza, kipimo sahihi hakisomwi ubavuni mwa tairi. Namba ile ni ukomo wa tairi lenyewe. Kipimo cha gari kiko kwenye kibandiko, mara nyingi katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo huwa ni kati ya pauni 30 na 35 kwa inchi ya mraba, na mara nyingine matairi ya nyuma huhitaji zaidi gari likibeba mzigo. Pili, upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, kabla ya safari, kwa sababu mwendo hulipasha moto na namba hupanda. Anayepunguza upepo kwenye tairi la moto atalikuta pungufu likipoa. Tatu, usilipime kwa teke wala kwa jicho. Tairi la siku hizi laweza kupoteza robo ya upepo wake na bado likaonekana limesimama vyema.

Liko pia suala la kina, na hapa washairi mtaniwia radhi, maana sisi tukisikia neno hilo masikio huelekea mwisho wa mshororo. Kina cha tairi ni urefu wa mifereji yake kwenda chini. Ndani ya mifereji hiyo mna vijiviko vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, pamebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha kazi. Mifereji ndiyo inayoyatoa maji ya mvua chini ya gurudumu. Tairi lisilo na kina huelea juu ya maji, na usukani hubaki mkononi bila kauli.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Miaka kadhaa iliyopita nilimzika mwalimu mwenzangu, mtu wa Historia, ambaye meza yake na yangu zilipakana kwa miaka tisa. Alikuwa abiria katika basi dogo. Taarifa tuliyosomewa ilikuwa ya sentensi moja: gari lilipasuka tairi, likaacha njia, likapinduka. Naikumbuka kwa sababu niliichambua palepale, kwa mazoea, huku nimeshika kofia mkononi. Vitenzi vitatu, na mtenda wa vyote ni gari. Likapasuka, likaacha, likapinduka. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani ya sentensi iliyochukua mtu.

Sijui ni nini kilichokuwa chini ya basi lile, na simshitaki yeyote. Ninachokijua ni kwamba swali halikuulizwa. Tairi zima lenye upepo wake halina desturi ya kupasuka kwa kupenda. Lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huzaa joto. Joto huachanisha nyuzi na mpira kutoka ndani, mahali jicho halifiki. Ongeza mzigo uliozidi na mwendo wa kasi juu ya lami ya mchana, nawe umeandaa mpasuko. Liko pia tairi lililochomwa na msumari au chuma cha barabarani, hilo halikosi. Lakini hata hilo ni kauli ya kutendwa: limechomwa. Likitamkwa hivyo, mtu atainama kutazama. “Lilipasuka” halimwinamishi mtu.

Mazikoni tulifarijiana kwa methali tuijuayo sote, kwamba ajali haina kinga. Sikuikataa siku ile, wala siikatai leo. Mfiwa anahitaji pa kuegemea. Lakini tukumbuke neno “ajali” lilikotoka. Katika Kiarabu ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu isiyosogezwa mbele wala nyuma. Sisi tulilipokea neno hilo, tukalivisha kila gongano na kila mpinduko wa barabarani. Kwa hiyo anayesema “imetokea ajali” ametumia kitenzi kisicho na mtenda pamoja na nomino yenye kadari ndani yake. Mlango umefungwa mara mbili. Ni nani atakayethubutu kuuliza geji ilisoma pauni ngapi asubuhi ile?

Rafiki yangu mmoja, mshairi mzuri kunishinda, aliponisikia nikiyasema haya alinionya. Kauli ya kutendeka, alisema, ni hazina. Bila hiyo tungekosa upole, maana si kila kilichovunjika kina mwizi wake, na mshairi anayetafuta mhalifu katika kila chozi atakausha mashairi. Nakubaliana naye nusu. Moyo uvunjike, jua lichomoze, subira ikatike; mashairi yetu yaendelee kukaa humo. Wala sidai fundi aache kusema alaimenti, aseme “ulinganifu wa magurudumu” ili anifurahishe mimi. Neno lake linamtosha na linaeleweka gereji zote. Ninachokililia ni kiambishi kimoja, “w”, katika taarifa za barabarani, na lile “na” linalokifuata. Kuna nyakati upole wa lugha huwa ni dhuluma kwa aliyekufa, na zaidi kwa atakayepanda kesho.

Nimeanza kwa walio karibu. Mwanafunzi wangu wa zamani ana basi dogo la abiria, na tukikutana hunipa shikamoo na kuniuliza habari za pensheni. Nami humwuliza habari za matairi. Mwezi uliopita alinijibu, “Ya mbele yamelika kidogo tu, Mwalimu.” Nikamwambia, “Mwanangu, sahihisha sentensi yako.” Alicheka, kwa kuwa alikumbuka kikombe. Kisha akainama, akapitisha kiganja. Bega la ndani, kushoto na kulia. Wiki ile ile akalipeleka gari kupimwa pembe zake, na ncha mbili za vyuma vya usukani zikakutwa zimelegea.

Kwa kuwa hapa si adabu kuondoka bila ubeti, nawaachia huu, mwenye kuweza auongeze:

Upepo ukiwa duni, mabega ndiyo hulika,
Ukizidi kipimoni, katikati huchubuka,
Likikaa upandeni, ukingo hupukutika,
Tuulizane ni nani, kabla halijapasuka.

Mtaona vina vyote vya mwisho ni vya kutendeka. Nimeviacha makusudi, kwani ndivyo lugha inavyotuvuta. Swali liko katika ukwapi wa mshororo wa nne, na ndilo ninaloomba kila mmoja wenu aliulize kabla ya kufunga mlango wa gari.