Nchi Iliyodharauliwa

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, baada ya kutoka chuoni, nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyetoka mbali sana, katika nchi ya wafugaji. Siku moja aliinua mkono kujibu swali la hesabu, akakosea. Nikamwambia, "Sikulaumu. Huko kwenu wajuao hesabu ni mbuzi tu." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikajiona mcheshi. Kijana akaketi. Tangu siku hiyo mkono wake haukuinuka tena mbele yangu.

Miaka michache baadaye nilikuwa nikitayarisha somo la historia ya Uyunani wa kale, nikafika katika habari za Boeotia. Niliyoyasoma yalinitia haya.

Boeotia ni nchi yenye rutuba iliyo kaskazini-magharibi ya Athens. Zamani ilikuwa na ziwa kubwa liitwalo Copais, ambalo sasa limekaushwa likawa mashamba. Watu wa Athens waliwapenda sana mikunga wa ziwa hilo, lakini wavuvi wake hawakuwapenda. Waliwaita watu wa Boeotia nguruwe, wakasema ati hewa nzito ya nchi ile huzaa akili nzito.

Basi na tutazame nchi hiyo ya "wajinga" ilizaa nini. Hesiod, mmojawapo wa washairi wa kwanza wa Uyunani, aliishi Ascra, kijiji kilicho karibu na mlima Helicon, na mwenyewe asimulia kwamba alipewa kipawa cha ushairi alipokuwa akichunga kondoo. Pindar, bingwa wa nyimbo za kuwasifu washindi wa michezo, alikuwa mtu wa huko huko. Tena mwaka 371 kabla ya Kristo, mahali paitwapo Leuctra, Epaminondas wa Thebes alilishinda jeshi la Sparta, lililoogopwa na Uyunani nzima. Kisha akawakomboa watu wa Messenia, ambao Sparta iliwatumikisha kwa vizazi vingi. Wahenga wetu walisema kweli: mdharau mwiba mguu huota tende.

Hata hadithi zao za kale zina fundisho. Wasimulia kwamba Cadmus, mwana wa mfalme wa Foinike, aliambiwa amfuate ng'ombe, na pale atakapolala ajenge mji. Hapo alimwua joka, akayapanda meno yake ardhini kama mbegu. Wakaota watu wenye silaha, wakapigana wao kwa wao hata wakabaki watano. Pamoja na hao aliujenga mji wa Thebes. Naye Herodotus, mwandishi wa historia, aeleza kwamba Wafoinike waliofuatana na Cadmus ndio waliowaletea Wayunani herufi. Ikiwa ndivyo, basi aliyeandika tusi la nguruwe aliliandika kwa herufi zilizopitia mikononi mwa wale aliowatukana!

Lakini ampendezaye moyo wangu zaidi ni Plutarch, aliyeandika maisha ya watu mashuhuri wa Uyunani na Rumi. Mtu huyo angaliweza kuishi katika miji mikubwa, lakini alikaa Chaeronea, mji wake mdogo wa Boeotia, akisema kwamba hapendi kuuhama usije ukazidi kuwa mdogo.

Nilipokifunga kitabu, niliukumbuka mkono ule. Kijana yule alikuwa amekwisha kuondoka shuleni, wala sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Huenda alikosea hesabu ile moja tu. Mimi nilikosea hesabu ya mtu mzima. Deni hilo ninalo hata leo, nami najaribu kulilipa kwa wengine: mwanafunzi ajibupo, nalipima jibu lake, wala siulizi kwao ni wapi.

Nawe, msomaji wangu, siku utakapotaka kumcheka mwenzako kwa sababu ya kwao, kwanza mwulize ajua nini. Labda ataanza kukufundisha.