Barua kutoka Malmö: Nusu Dozi Haiuzwi Hapa

Kila majira ya baridi, akina mama Waswahili wa Malmö huwa na lalamiko lilelile. Mtoto anachemka usiku kucha, wanapiga simu 1177, na muuguzi anauliza: anakunywa? Anakojoa? Anacheza? Wakiitikia, wanaambiwa wampe Alvedon, yaani paracetamol, na wasubiri. Wengine hukata simu wakisonya.

Wana haki ya kushangaa. Wametoka kwenye maduka ya dawa ya mtaani, ambako mtu huingia na fedha ya kapsuli nne za amoksilini, akafungiwa nne, bila cheti cha daktari. Sweden antibiotiki haitoki bila cheti, na hata cheti hakitolewi kirahisi. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui. Koo likiuma, daktari kwanza huhesabu: homa, tezi za shingo zilizovimba, utando kwenye mafindofindo, kutokuwepo kwa kikohozi. Dalili zisipofika tatu, kwa kawaida hata kipimo hafanyi.

Ugumu huu haukuanza na tabia ya Waswidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, bakteria wa nimonia wasiosikia penisilini walisambaa Skåne, mkoa huuhuu wa Malmö. Ili kuzuia usugu huo wa dawa, mwaka 1995 ukaundwa mtandao wa wataalamu uitwao Strama, ambao baadaye lengo lake likawa vyeti vya antibiotiki visivyozidi 250 kwa kila wakazi 1,000 kwa mwaka. Zizini walishatangulia: mwaka 1986 Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku antibiotiki za kunenepeshea mifugo. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2006.

Lakini wanaousifu mfumo huu huko nyumbani huruka jambo moja. Kusubiri kuna gharama, na Sweden gharama hiyo hailipwi na mama peke yake. Mzazi anayebaki nyumbani na mtoto mgonjwa hulipwa na bima ya jamii karibu asilimia 80 ya mshahara wake, hadi kiwango fulani. Muuza mihogo wa Buguruni, Dar es Salaam, akikaa siku tatu akiangalia homa ya mtoto, mtaji umeliwa. Kapsuli nne ni rahisi kuliko hizo siku tatu. Kumhubiria usugu wa dawa bila kugusa hesabu hiyo ni kumwonea.

Malipo hayo ya wazazi wa Sweden yalianza mwaka 1974, miaka 21 kabla ya Strama.