Upepo Huja Mwisho

Neno "turbo" limeingia katika Kiswahili cha gereji likiwa zima, wala halikupunguzwa hata herufi moja. Mafundi wa Dar es Salaam hulitamka kama neno waliloachiwa na babu zao. Lakini atakayelifuata hadi kwao atalikuta katika Kilatini, na huko lina maana ya kimbunga. Tena lina maana ya pia, kile kidude cha mti ambacho watoto hukizungushia uzi na kukitupa chini kizunguke. Aliyelichagua hakukosea. Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za fimbo moja ya chuma. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi wa moto utokao katika injini. La pili, kwa kuwa halina hiari, huzunguka pamoja na mwenzake, likavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Pia hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

Hata hivyo, lau mhunzi wa zamani angeonyeshwa chombo hicho, asingehitaji Kilatini ili akifahamu. Angesema: huu ni mvukuto. Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania, waliokuwa wakiyeyusha chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na matanuri ya aina mbili. La kwanza, liitwalo ilungu, lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, na lilivuta upepo lenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini, pasipo mtu kuvukuta. Chuma kilichopatikana humo kilipelekwa katika tanuri dogo kikasafishwa, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kuulazimisha moto uwe mkali kuliko ulivyotaka wenyewe. Injini ya kawaida ni ilungu: hupumua kadiri ilivyojaaliwa. Injini yenye turbo ni lile tanuri dogo.

Tofauti ni kwamba mvukuto wa mhunzi hutaka mkono wa mtu, ilhali turbo hulishwa na moshi uliokuwa utupwe. Wazo hilo alilipatia hataza Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 26. Lilikuwa wazo zuri, ila vyuma vya wakati ule havikuwa tayari kulibeba. Miaka 20 ikapita kabla hajafanikiwa kuongeza nguvu za injini ya dizeli kwa kiasi cha asilimia 40, na miongoni mwa vyombo vya kwanza kufaidika zilikuwa meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig. Injini zao, zilizokuwa za nguvu za farasi 1,750, zikafikia 2,500. Basi turbo ilijulikana baharini kabla ya kuzoeleka barabarani; magari madogo ya kwanza kuuzwa nayo yalitoka Marekani mwaka 1962.

Mvukuto huohuo umekuwa ukitafutwa kwa miaka minane katika ua mmoja wa Mbagala, wilayani Temeke, chini ya banda la mabati lililoegemezwa ukutani. Mwenye gari ni karani wa ghala. Hakusomea ufundi, anachokijua amekiokota kwa kuuliza, kwa kuharibu na kwa kurudia. Gari lenyewe ni Toyota Mark II ya aina ya GX100, mojawapo ya magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika ambayo yalimiminika nchini baada ya milango ya biashara kufunguliwa, usukani wake ukiwa kulia kama barabara za Tanzania zinavyotaka. Lina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita mbili, na halina turbo. Huko Japani bodi hiyohiyo iliuzwa pia kwa jina la JZX100, ikiwa na injini ya lita mbili na nusu, turbo moja na nguvu za farasi 280. Ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akapewa mapafu ya mpiga mbizi na mwingine ya karani.

Karani huyu alirithi maradhi hayo kwa baba yake, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hadi leo husimulia jinsi Bert Shankland wa Tanzania alivyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966, na tena 1967, kwa Peugeot 404 isiyo na turbo. Kisha mzee husogeza hadithi mbele hadi 1984, 1985 na 1986, miaka mitatu mfululizo ambayo Toyota Celica zenye turbo zilishinda Safari katika nyanda za juu za Kenya, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kawaida huhema. "Wale," husema mzee, "walikuwa wamebeba upepo wao."

Kununua injini ya yule ndugu mkubwa kungemaliza mshahara wa miaka. Ndipo karani akaamua kuipa mvukuto injini yake mwenyewe, kidogo kidogo, kama watu wa Dar es Salaam wanavyojenga nyumba. Mji huo haujengwi kwa siku. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na baada ya hapo nondo hubaki zimechomoza juu zikingoja ghorofa ambayo labda itajengwa na mtoto. Gari likapandishwa juu ya mawe, matairi yakawekwa kivulini, na kuku wakapata pa kutagia.

Pengine lingebaki hapo kama si mzee mmoja mkereza vyuma wa Gerezani, kule Kariakoo, ambako spea na vyuma chakavu hutandazwa kama samaki mnadani. Karani alimpelekea turbo iliyotolewa katika Land Cruiser ya dizeli, akaomba achongewe mahali pa kuifungia. Mzee aliigeuza, akaichezesha fimbo yake kwa kidole kupima ulegevu, kisha akauliza, "Breki zako zikoje, mwanangu?" Karani akajibu kwamba breki ni zilezile za kiwandani. Mzee akamrudishia turbo yake. "Nenda kaanze na breki. Upepo huja mwisho."

Ndani ya maneno hayo mna utaratibu mzima wa kazi. Kinachoongezwa na turbo ni moto. Nguvu ni tunda lake. Moto ukiongezeka, maji ya rejeta hayatoshi, kwa hiyo rejeta hubadilishwa kwanza. Gari likiongeza mwendo, breki za zamani huwa ahadi tu. Karani alitumia mwaka mzima kutafuta diski za yule ndugu mkubwa, hadi alipozipata katika gari lililokatwa. Fimbo ya turbo haikai juu ya chuma, huelea juu ya utando mwembamba wa oili, hivyo oili lazima ipewe njia yake ya kwenda na ya kurudi, nayo iwe safi. Hewa ikiongezwa, petroli nayo iongezwe kwa kipimo, kwa pampu na nozeli zinazoweza. Na hewa yenyewe huasi: siku ya kaskazi, joto la Mbagala likiwa nyuzi 32, ukiibana hewa hiyo kwa nguvu kidogo tu hupanda kupita nyuzi 70. Hewa ya moto ni chache ndani ya nafasi ileile. Basi hutafutwa rejeta ya pili, ya kupoozea hewa, ikafungwa nyuma ya bampa ili ipigwe na upepo wa mbele. Mabaharia wa zamani walingoja kusi ili warudi kwao. Gari la karani nalo hupumua vizuri zaidi majira ya kusi.

Kisha kuna hatari ya kupitiliza. Injini iliyozaliwa bila turbo hubana hewa karibu mara kumi kwa pistoni zake. Ukiijaza kupita kiasi, mchanganyiko wa hewa na petroli huripuka kabla ya wakati wake, na mlio wake ni kama kokoto ndani ya kopo. Mafundi husema injini "inagonga". Ikigonga kwa muda, pistoni hutoboka. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuona silinda. Karani alijiwekea mpaka: kanieneo ya nyongeza isipite sehemu nne za kumi za ile ya kawaida ya anga. Vijana wa mtaani walimcheka.

Mchango mwingine wa ua ule ni wa lugha. Injini imekuja na majina yake, na Kiswahili kimeyapokea: pistoni, gasketi, klachi, plagi. Lakini vyombo vinavyoifungua ni wenyeji wa siku nyingi. Kuna tupa, tindo, koleo na jiliwa. Kuna parafujo, iliyoachwa na Wareno. Kuna bisibisi, ambayo ukilitamka jina lake umekwisha kusikia mkono ukizungusha. Na usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Si ajabu kwamba vyote viwili huitwa vyombo. Aliyewahi kukaa ufukweni Nungwi akatazama jahazi likiundwa ataitambua subira ya Mbagala mara moja. Mbao huletwa fedha ikipatikana, kazi husimama, huanza tena, na watu hupita wakiuliza litashushwa lini. Hapana anayekubali kulishusha kabla ya kalafati, kwa sababu bahari haisameheki kwa mazungumzo.

Lakini ufundi jahazi humlisha mwenyewe, na swali la mke wa karani lilikuwa hilohilo. "Baba watoto, hili gari litatulipa nini?" Hakuuliza kwa ugomvi. Nyumba yao ilikuwa bado haina dari katika vyumba viwili, na kila alipoamka alfajiri aliuona mfuko wa saruji ambao haukununuliwa ukiwa umelala chini ya boneti. Katika mwaka wa nne mama yake karani aliugua, akahitaji upasuaji. Karani hakungoja kuambiwa. Aliiuza turbo, akauza na pampu mpya ya petroli iliyokuwa bado ndani ya boksi lake. Mke ndiye aliyesikitika kwa sauti. Yeye alisema tu kwamba chuma hakiozi kwa siku moja, akarudi kwenye mawe yake, akafanya kazi zisizogharimu: kusugua kutu kwa msasa, kunyoosha mabati, kuosha nati moja moja kwa mafuta ya taa. Turbo ya pili alikuja kuipata baada ya miaka miwili, na dari ilikuwa imekwisha kupigwa kabla yake.

Mtu wa tatu katika habari hii ni mpwa wake. Gari lilipopandishwa juu ya mawe alikuwa mtoto wa miaka 13, mshika tochi. Akawa mshika spana, kisha mwanafunzi wa ufundi magari katika chuo cha VETA, Chang'ombe, na siku hizi ndiye mjomba anayemuuliza yeye. Mwaka jana, kazi ilipokaribia ukingoni, kijana alikuja na shauri. Marafiki zake wangelisubiri gari usiku katika Barabara ya Kilwa, saa ambayo malori yamepungua, walipime na la mtu mwingine. Mjomba akakataa. Kijana akasema, kwa adabu lakini kwa uchungu, "Sasa mjomba, nguvu zote hizi ni za nini?"

Swali hilo halina jibu jepesi, na heshima ya kazi yote imo ndani yake. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Katika barabara ile mama hukatiza na beseni la vitumbua kabla ya mapambazuko, na bodaboda hupita bila taa. Mtu akitumia miaka minane kuongeza nguvu ambazo hana pa kuzimimina, je, hakupoteza miaka minane? Karani hakujibu siku ile. Alimwambia kijana aingie chini ya gari, afungue gurudumu la mbele, akaze tena breki alizozifunga kwa mkono wake mwenyewe. Wakati kijana akikaza, mjomba akasema kwamba magari yote ya mtaa huo yalikuja yamekwisha kuundwa, na wenyewe wanajua kuyawasha tu. "Hili unalijua hadi mahali linapoweza kukuua. Hizo ndizo nguvu."

Huenda jibu hilo halimtoshi kila mtu. Kuna atakayesema ni faraja ya maskini, kwamba aliyenyimwa barabara hujisifu kwa spana. Lakini kujua chombo kinapoishia si jambo dogo katika nchi inayonunua vyombo vilivyotumika na wengine. Mwenye kujua hilo hapandi upepo kwa sababu tu upepo umevuma.

Walilishusha katika mawe Jumapili moja ya kusi, wakaenda Mkuranga na kurudi alfajiri, watu wanne ndani: baba mstaafu mbele, mke na kijana nyuma, karani kwenye usukani. Katika mwinuko mmoja alikanyaga zaidi, na mluzi mwembamba ukasikika chini ya boneti. Mzee akafumba macho. Hapana aliyesema neno mpaka waliporudi uani. Karani akataka kuzima injini, lakini mpwa wake alikuwa amekwisha kuinama kutoka nyuma, akaufunika ufunguo kwa kiganja. Pia ile ilikuwa bado inazunguka kwa moto, nayo huhitaji oili hadi itulie, kama madereva wa mabasi ya mikoani wanavyojua. Kijana alihesabu dakika mbili kwa saa ya mkononi, bila kuharakishwa na mtu, kisha akaondoa kiganja.