Tuliketi Mezani Istanbul



Wasomaji wetu wapendwa, na hasa kina mama ambao ndio wenye ukurasa huu, mwaka uliopita Mwenyezi Mungu alitujaalia, tukitoka Umra, kupitia mji wa Istanbul nchini Uturuki. Tulikaa siku nne, sisi na mama watoto wetu. Habari za misikiti yake zimeandikwa sana, nasi hatutazirudia. Leo twataka kuzungumza juu ya meza zake, kwa kuwa jamaa wengi siku hizi hupita huko na familia zao, nao hutuuliza: mahali pazuri pa kula ni wapi, na je, ni halali?

Swali la pili ndilo lililotufika kwanza. Binti yetu wa pili alikuwa amemfungia mamake fedha kidogo, akaziwekea sharti. Zisinunue vitambaa wala dhahabu; zitumike usiku mmoja, mahali ambapo mama ataketi na wengine wamwandalie. Mwanamke huyu ametupikia miaka 31: wanafunzi wa madrasa, wageni wa Maulidi, mahujaji wanaoagwa na wanaopokewa. Hatukumbuki dhifa hata moja nyumbani kwetu ambayo yeye aliila ingali moto.

Tukauliza, tukaelekezwa mkahawa ulio juu ya dari ya jumba refu, unaotazama mlango wa bahari wa Bosphorus. Tulielezwa kwamba Istanbul iliingia katika kitabu cha Michelin, kile cha Wafaransa kinachoitunuku mikahawa nyota, mnamo Oktoba 2022. Mkahawa wa TURK wa mpishi Fatih Tutak ukapewa nyota mbili, na mingine minne nyota moja moja. Huo wetu haukuwa na nyota, ila bei zake zilikuwa zimekwisha kujiandaa kuipokea.

Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe kama ihramu, na taa za meli zilikuwa zikipita chini yetu. Mhudumu akatuletea orodha ya mvinyo. Tukamwambia hatunywi, akaiondoa kwa adabu. Kisha tukauliza juu ya mchuzi wa nyama, naye, Mungu amlipe kwa ukweli wake, akasema umepikwa kwa mvinyo. Kwenye meza iliyo ubavuni mwetu chupa ikafunguliwa. Wajua wasomaji kwamba tumekatazwa kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Lakini meza ya jirani, je, ni meza yetu? Tukaanza kujitafutia masala moyoni, kama afanyavyo mtu aliyesoma akiwa na njaa: labda samaki tu, labda kiti cha pembeni. Mwenzetu hakuwa na masala marefu. Alikwisha kushika mkoba wake.

“Maalim, twende zetu,” akasema.

Tulilipia maji, tukashuka. Usiku huo tulikula mkate na jibini chumbani, naye hakulalamika hata kwa neno moja, jambo lililotuuma zaidi. Kosa lilikuwa letu: tulipaswa kuuliza kwa simu kabla ya kumvalisha mtu nguo yake nzuri.

Asubuhi tulikwenda Topkapı, kasri la masultani. Watu wengi hukimbilia vito. Mwenzetu alitaka jikoni. Majiko hayo yaliungua mwaka 1574, yakajengwa upya na Mimar Sinan, na mabomba yake ya moshi yamepangana juu ya kuta kama safu ya minara mifupi. Hapo mamia ya wapishi walipika kila siku. Siku hizi ndani yake huonyeshwa vyombo, na kati yake mabakuli ya kaure ya Kichina ya kijani kilichofifia, ambayo iliaminiwa kwamba hubadilika rangi yakitiwa sumu. Mwenzetu aliyatazama, akasema, “Haya si kama yale ya Gedi?” Naam, ndiyo. Vigae vya kaure ya namna hiyo vimefukuliwa Gedi, na wazee wetu walipachika sahani za Kichina katika kuta za majumba na nguzo za makaburi. Bahari ilitulisha sote kwa vyombo vya duka moja.

Baada ya hapo tulipanda Süleymaniye. Msikiti huo, uliomalizika mwaka 1557, ulijengwa pamoja na madrasa, hospitali na imareti, yaani jiko la wakfu. Katika maimareti ya zama hizo desturi ilikuwa supu ya mchele asubuhi na supu ya ngano jioni. Usiku wa Ijumaa na wa Ramadhani ukapikwa wali kwa nyama ya kondoo, na zerde, wali mtamu wa zafarani. Waliolishwa ni wanafunzi, wasafiri na maskini. Jengo la imareti lingalipo, nalo limewahi kuwa mkahawa ulioitwa Darüzziyafe, nyumba ya dhifa. Mbele ya msikiti, chini ya madrasa za zamani, ipo safu ya vijiduka vinavyouza maharagwe kwa wali na achari. Tulikula hapo, nasi twakiri kwamba yalikuwa matamu, japo mkono wa mtu wa Pwani huitafuta nazi.

Lakini amana ya binti ilikuwa bado mfukoni. Siku ya tatu, baada ya Adhuhuri katika msikiti wa Ağa ulioko barabara ya İstiklal, tuliingia mkahawa wa Hacı Abdullah, ulio jirani nao. Safari hii tuliuliza kwanza. Mkahawa huo ulianzishwa mwaka 1888, zama za Sultan Abdülhamid wa Pili, na hauuzi kileo. Husimuliwa kwamba umerithiwa na mwanafunzi kutoka kwa mwalimu wake wa kazi, jambo lililotupendeza sisi watu wa chuoni. Rafu zake zimejaa mitungi ya kioo ya matunda na achari, nyekundu, njano na kijani.

Mwenzetu aliagiza hünkar beğendi, maana yake “mfalme alipenda”: nyama ya kondoo iliyopikwa polepole, ikawekwa juu ya biringani lililochomwa motoni hadi likashika moshi, kisha likapondwa kwa maziwa. Baadaye akaletewa safarjali, tunda mfano wa pera kubwa, lililopikwa kwa sukari likawa jekundu, na malai juu yake. Alikula bila kuinuka. Mara mbili tulimwona akitaka kukusanya sahani, na mara mbili mhudumu alimtangulia.

Mzee mmoja wa Kituruki alipokuwa akitoka, alisimama penye chakula, akamwambia mpishi, “Elinize sağlık.” Mhudumu aliyejua Kiarabu kidogo akatufasiria: afya kwa mikono yako. Huambiwa mpishi yeyote, wa mkahawani na wa nyumbani, kila mtu amalizapo kula.

Mwenzetu akaweka kijiko chini. “Kila siku?” akauliza.

“Kila siku,” akajibu mhudumu.

Hatukuwa na la kusema. Tuliinamia safarjali.

Kwa wanaokwenda: tafuteni mikahawa ya wafanyabiashara, esnaf lokantası, ambako vyakula huwekwa mbele na mteja huonyesha kwa kidole, lugha haitawashinda. Ulizeni habari ya kileo kabla ya kuketi, na mchuzi pia. Ikiwa mna watoto, ulizeni kama kuna aile salonu, ukumbi wa familia.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi Mombasa alichoma mabiringani juu ya jiko la makaa, nyumba nzima ikanuka moshi. Wajukuu walikataa, wakataka samaki. Sisi tulimaliza sahani, tukakohoa kidogo, tukamwambia lile neno la Kituruki, kwa matamshi mabovu.

Akatutazama kwa muda. “Maalim,” akasema, “liseme kwa Kiswahili.”