Mita 1500 na Makaratasi

Babati, Jumapili, 2 Machi 2025

Nimeitazama tena fainali ya mita 1500 ya Paralimpiki ya Paris, daraja la T20, la wakimbiaji wenye ulemavu wa akili. Ben Sandilands wa Uingereza alimaliza kwa dakika 3:45.40, rekodi ya dunia. Anayedhani haya ni mashindano ya kuoneana huruma autazame mzunguko wa mwisho.

M., kijana mwenye ulemavu wa akili ninayemfundisha mbio, hajavuka Arusha. Ila pumzi anazo.

Alhamisi, 6 Machi

Ukimwacha M. peke yake, mzunguko wa kwanza anatimka kana kwamba mbio zinaishia hapo, na wa tatu unammaliza. Kumwambia "tunza nguvu" hakumsaidii. Leo nimemsimamisha mdogo wake kwenye kona na filimbi: ikilia mara moja apunguze, mara mbili aongeze. Mzunguko wa pili sekunde 68, wa tatu 68. Nilitaka kumbeba!

Wengi hudhani ulemavu wa akili haufiki miguuni. Unafika, tena hapa hapa: kupima kasi ya sasa ili nguvu zisiishie njiani, kumsoma mwenzako kabla hajachomoka. Mashindanoni hakuna filimbi, kwa hiyo tutaiondoa kidogo kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Mama yake amekuja. "Mwalimu, hiyo karatasi wanayoitaka inatoka wapi?"

Nimemweleza. Virtus, shirikisho la dunia la wanamichezo wenye ulemavu wa akili, linataka kipimo cha mwanasaikolojia kinachoonyesha IQ isiyozidi 75, ushahidi kwamba maisha ya kila siku yanamwia magumu, na kwamba hali hiyo ilianza kabla ya utu uzima. Mama akasema mwanawe alichelewa kuongea, na mpaka leo akitumwa dukani pesa hufungwa kwenye kitambaa pamoja na kikaratasi cha kumpa mwenye duka. Anajua kila kitu kuhusu mtoto wake, lakini hana hata ukurasa mmoja wenye mhuri.

Ugumu huu una chanzo. Kwenye Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu, na wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote wa akili. Mmoja wao, mwandishi wa habari Carlos Ribagorda, ndiye aliyefichua. Medali ikarudishwa, na wale wawili wa kweli wakaikosa pia. Kisha mlango ukafungwa kwa wote: Athens hakuna, Beijing hakuna. London 2012 wakarudi kwenye riadha, kuogelea na tenisi ya meza tu. Waliodanganya ni wazima, waliotumikia adhabu ni wenye ulemavu. Hilo linanichoma kila nikilikumbuka.

Jumamosi, 15 Machi

Paris, kwa T20, uwanjani kulikuwa na mbio za mita 400 na 1500 tu. Mwili wa M. ni wa 5000. Na binti mmoja ninayemfundisha, mwenye Down syndrome, anayerusha tufe vizuri mno, Paralimpiki ingemweka daraja moja na wenye misuli na viungo visivyo na shida yoyote. Virtus angalau imemtengea kundi lake kwenye michezo yake yenyewe. Nafasi ipo, ila ni nyembamba mno, na sioni sababu ya kuiacha ilivyo.

Mwalimu mkuu wa shule aliyoanzia M. amekubali kutafuta rejista ya zamani. Kama maoni ya mwalimu wake wa darasa la kwanza yamo, tunayo karatasi ya kuanzia.